Ada Iliyolala Kwenye Mbao

Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumatatu asubuhi, na kabla gundi haijakauka wanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili walikuwa wameshaizingira kama wanaogawiwa kitu cha bure. Ilikuwa orodha ya wanaodaiwa. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: asiyemaliza ada hadi Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni, hapewi kadi ya mtihani, asiye na kadi atarudia mwaka.

Mama Pacha alisimama nyuma akawaacha vijana wasukumane. Alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto pacha wa darasa la nne, na miaka kumi na moja ya kufagia wodi kabla hajakata shauri kwamba naye anaweza kuvaa sare ya muuguzi. Hata walimu walimwita Mama Pacha.

"Mama, umo," alisema Kidoti, msichana aliyekaa naye dawati moja, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo. "Namba tatu. Laki moja na elfu themanini."

"Najua. Pesa ipo nyumbani."

"Ipo kweli, au ipo ya mdomoni?"

"Ipo kweli, mwanangu. Baba Pacha kaiweka kwenye kopo. Mimi na pesa hatuelewani tukilala chumba kimoja, ndiyo maana nilimpa yeye."

Akaenda dirisha la uhasibu kuuliza kama anaweza kulipa kesho yake. Karani hakuinua uso. "Lipa hata usiku wa manane, mama, mradi ulipe. Kila anayekuja hapa pesa yake ipo nyumbani. Nyumba zenu ni tajiri kuliko chuo."

Foleni nzima ikacheka. Mama Pacha naye akacheka, tena kwa sauti, kwa sababu moyo wake ulikuwa umetulia.

Alipotoka alimkuta Waziri kwenye ngazi. Waziri alikuwa kijana mrefu aliyevaa tai kila siku ya Mungu, hata siku ya kufanya usafi, na jina lake naye lilikuwa kwenye orodha. "Mama," alisema, "leo tumepata msiba wa kitaifa. Hutunyweshi hata chai?"

Mama Pacha akawanywesha chai. Walikuwa watano, na mkate juu. Walimwambia hakuna mama kama yeye chuoni, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa kuwa hakukuwa na mama mwingine.

*

Kopo lilikuwa juu ya kabati. Alipolishusha jioni ile lilikuwa jepesi kama halijawahi kuwekwa kitu. Alilifungua hata hivyo. Akalifunga, akalifungua tena.

Mumewe alikuwa mlangoni, maranda ya mbao yamemganda nyweleni. Alikuwa seremala wa vitanda kwa miaka ishirini, mtu wa maneno machache, mwenye kupenda kupitisha kidole gumba juu ya kitu chochote cha mbao ili ahisi kama kimelala sawa.

"Twende nyuma nikuonyeshe," alisema.

Karakana yake ilikuwa banda la bati nyuma ya nyumba. Kando ya banda kulikuwa na rundo lililofunikwa turubai. Seremala akalifunua kama mtu anayefunua zawadi. "Ile pale."

"Ile nini?"

"Ada yako. Yule bwana wa nyumba ya wageni kaagiza vitanda kumi na viwili. Nikapata mbao kwa bei ya chini, mwenyewe alikuwa na haraka ya kuondoka. Mbao siyo matumizi, Mama Pacha. Ukiitia pesa kwenye mbao haijapotea, imelala tu."

Mama Pacha akabonyeza ubao wa juu. Kidole kilirudi na unyevu. Mtu aliyekausha sakafu za wodi kwa miaka kumi na moja hahitaji kuambiwa kilicholowa.

"Hii bado inatoa maji."

"Ni mbichi kidogo."

"Kidogo cha siku ngapi?"

Seremala akatazama turubai. "Miezi miwili. Mvua ikiendelea, mitatu. Siwezi kumlaza mtu kwenye kitanda cha mbao mbichi, kitajipinda mpaka aanguke."

"Mtihani wangu ni baada ya wiki mbili na nusu."

"Nilidhani wanasubiri."

"Nani anasubiri?"

"Chuo."

Hapo alikuwa akisema kweli, na ndiyo iliyomuuma mkewe zaidi. Wateja wake wote walimlipa baada ya kazi, wengine baada ya miezi, na hakuna aliyewahi kumwandika ukutani. Hakujua kwamba kuna mahali ambapo siku ikipita, imepita.

"Tukiziuza?"

"Kwa wauza kuni labda. Elfu thelathini."

Hakumfokea. Aliingia ndani akakaa kitandani. Pacha walikuwa sakafuni na madaftari yao. "Mama, unaumwa?" mmoja akauliza.

"Nahesabu," alisema.

*

Alihesabu kwa siku mbili kabla hajajua aanzie wapi. Jumatano mchana alikaa peke yake nyuma ya maktaba na kipande cha karatasi. Kila Jumatatu mumewe alimpa elfu ishirini na saba za wiki, na kila Ijumaa mkoba ulikuwa mweupe. Aliamua kuandika wiki iliyopita ilikwenda wapi, bila kujionea aibu, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nauli, elfu sita. Vocha ya simu, elfu moja. Kunakili kurasa za masomo, elfu saba. Mkopo kwa Waziri, elfu nne, ambao wote wawili walijua kuwa haukuwa mkopo. Chai, elfu tisa.

Aliisoma ile tisa mara tatu. Yeye hunywa kikombe kimoja kwa siku. Alihesabu vikombe vyake kwa vidole: elfu mbili. Saba zilizobaki alikuwa amewanunulia watu waliomwita mama. Ndani ya daftari lake la hesabu za nyumbani asingekubali hata kiberiti kipotee. Huku chuoni alikuwa akigawa pesa kama mgeni wa heshima kwenye harusi.

Saa nne ya kesho yake walimjia kama kawaida, Waziri mbele. "Mama, koo limekauka kama chaki."

"Bomba lile pale," alisema Mama Pacha.

Wakadhani ni mzaha, wakasubiri. Yeye akafungua daftari. Herufi zilikuwa zikichezacheza machoni, lakini hakuinua kichwa. Mmoja akanong'ona, si kwa sauti ya chini sana, "Mama kawa mkono wa birika." Wakaondoka. Kidoti peke yake akabaki.

"Wamekuudhi?"

"Nimejiudhi mwenyewe. Hebu niambie, hizi kurasa za kunakili, wewe unalipa elfu saba na mimi saba, kwa maneno yale yale?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Kidoti akafikiri. "Hatujawahi kuulizana."

Wakakubaliana wanakili seti moja. Gharama itagawanywa, na jioni Mama Pacha atapita bwenini wasome pamoja kabla hajaenda nyumbani. Kwa mpango huo peke yake aliokoa kidogo tu, kama elfu nne kwa wiki. Chai saba, mkopo nne, kurasa nne: kumi na tano. Kwa wiki mbili, thelathini, akibana na zile ambazo hajazitumia. Ilibaki laki moja na hamsini, na hapo kalamu ikasimama.

*

Alikuwa hajawahi kufika bwenini. Chumba cha akina Kidoti kilikuwa na vitanda vinne vya ghorofa na wasichana wanane, na hakuna meza hata moja. Walikuwa wakijisomea wote kwa wakati mmoja. Mmoja aliandikia juu ya sanduku la nguo. Mwingine alikuwa ameweka daftari juu ya mfuniko wa ndoo, na mfuniko juu ya magoti, na kila akiandika mstari mfuniko ulizunguka kidogo naye akauzungukia. Kidoti mwenyewe alilala kifudifudi.

"Mnaandika hivi kila siku?"

"Meza ziko maktaba," alisema mwenye mfuniko. "Maktaba inafungwa saa kumi na moja."

"Na mabweni mengine?"

"Mama, usiulize. Wavulana wanaandikia kwenye ubao wa kupigia pasi."

Mama Pacha akaomba kuushika ule mfuniko. Akauweka kwenye magoti yake, akapima kwa shibiri, mbili kwa moja na nusu. Nyumbani, upande wa pili wa banda la mumewe, kulikuwa na lundo jingine ambalo hakuna aliyelifunika kwa turubai kwa sababu hakuna aliyelitaka. Vipande vilivyokatwa kwenye vitanda vya miaka mitatu, vikavu kama mifupa, ambavyo majirani walivichota bure kuwashia moto.

Hakusoma sana jioni ile.

*

"Mimi natengeneza vitanda," alisema seremala.

"Najua."

"Watu wanazaliwa kwenye vitanda vyangu. Sitengenezi vibao vya kuchezea."

"Si vya kuchezea. Ni kimeza. Miguu minne mifupi, uso laini, kinapita juu ya mapaja mtu akiwa amekaa kitandani. Unaweza au huwezi?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu. Nikaulize kwa yule fundi wa madirisha?"

Seremala akainuka. Kisha akachagua vipande vitatu kutoka kwenye lundo, akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alipiga randa mfululizo. Mara moja tu alisimama na kuuliza mtu akikaa magoti yanainuka kiasi gani, na Mama Pacha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ili apimwe. Kufikia jua kuzama kimeza kilikuwa kimesimama pale, uso wake umepigwa msasa mpaka unateleza.

"Elfu kumi," alisema seremala, ambaye sasa alikipenda.

"Hawana kumi. Wana saba. Najua wana saba kwa sababu ndiyo wanayotoa kunakili kurasa."

Gundi, misumari, msasa na vanishi vilichukua elfu kumi na nane, na muuza vifaa alikubali kuchukua malipo Jumatatu kwa sababu seremala hajawahi kumkimbia. Vimeza ishirini na vinne vingeleta laki moja na elfu sitini na nane. Mama Pacha alitoa kumi na nane kichwani, akapata hamsini juu ya laki, hesabu ile ile iliyokuwa imesimamisha kalamu.

*

Jumatatu aliingia getini na vimeza sita kichwani, vimefungwa kwa kamba. Mlinzi alimuuliza kama anahama. Darasani kikaanza kicheko kutoka dawati la nyuma kuja mbele.

"Mama kaleta samani za nyumba," alisema Waziri. "Kitanda kinakuja kesho?"

Mama Pacha alikuwa mtu wa aibu, aliyejibu maswali ya mwalimu kwa sauti ya kunong'ona. Alitaka kuviweka nje. Badala yake akakaa juu ya dawati, akakunja miguu, akaweka kimeza juu ya mapaja, na daftari juu ya kimeza, akaandika jina la somo kwa mwandiko ulionyooka kama wa kitabuni. Kicheko kikapungua. Msichana wa mfuniko wa ndoo ndiye aliyetoka wa kwanza, na noti zake zilikuwa zimeshakunjwa mkononi.

Sita viliisha kabla ya mchana. Jumanne akaleta saba, vikaisha. Jumatano wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimngoja getini. Seremala alikuwa akiamka kabla ya alfajiri sasa, akipiga mluzi, na kwenye kona ya kila kimeza alianza kuchonga jani dogo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Waziri alimfuata Jumatano hiyo, pembeni, tai mkononi. Siku hizo hakuwa kwenye orodha tena. Baba yake alikuwa amemlipia. "Mama, nipe viwili. Kimoja changu, kingine cha rafiki yangu. Nitakulipa mwisho wa mwezi."

"Saba kila kimoja, Waziri. Pesa mkononi."

"Mimi? Mtoto wako?"

Neno lile ndilo lililokuwa likimfungua mkoba kila siku. Alilisikia likipita, akalisindikiza kwa macho. "Wewe ni mtoto wangu," alisema. "Na mtoto wangu nikimkopesha, mimi narudia mwaka. Ungependa hivyo?"

"Elfu saba tu itakurudisha mwaka?"

"Ndizo zinazonirudisha. Laki haijawahi kuniponyoka mkononi. Ziliniponyoka hizi za tu, tu, tu."

Waziri akaondoka akijifunga tai, na Mama Pacha akasimama pale akiwa na uhakika kwamba amempoteza.

*

Alhamisi jioni pesa zote zilikuwa mezani. Ishirini na vitatu vilikuwa vimeuzwa na muuza vifaa ameshalipwa. Pamoja na zile alizobana za chai, mkopo na kurasa, ilikuwa laki moja na sabini na tatu. Kimeza kimoja kilibaki.

Seremala alinawa mikono, akakaa. Akakohoa. "Yule bwana wa nyumba ya wageni kanipigia. Anataka aone kitanda kimoja cha mfano kesho kutwa, au anampa kazi mtu mwingine. Mbao kavu za kitanda kimoja ni elfu ishirini. Nikopeshe hapo. Jumatatu nakurudishia."

"Hapana."

"Ni vitanda kumi na viwili, Mama Pacha. Ni pesa ya mwaka."

"Nimesikia. Hapana."

"Mikono iliyochonga vile vimeza ni ya nani?"

Hilo lilimkata. Ni kweli kwamba hakushika randa hata mara moja. Pacha walikuwa wameacha kula wakitazama. Angeweza kusema mbona wewe hukuniuliza ulipochukua ya kwenye kopo, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Ni yako," alisema taratibu. "Na ikishapita saa kumi kesho, pesa ya chochote utakachochonga nitakupa uiweke popote. Lakini hii ina tarehe. Niambie, huyo bwana ana vyumba kumi na viwili?"

"Anavyo."

"Na hana elfu ishirini za kutanguliza?"

Seremala akajikuna shingo. "Sijamwambia. Kumwomba mtu pesa kabla hajaona kazi ni aibu."

"Mimi nimebeba meza kichwani mbele ya watoto wa watu, wakaniuliza kama nahama. Aibu haiui. Mpigie."

Alikwenda kupigia karakanani ili asisikike. Walimsikia hata hivyo, bati halizuii sauti. Alianza na salamu ndefu, akauliza hali ya familia, hali ya biashara, hali ya mvua. Kisha, kwa kasi ya mtu anayeruka mtaro: "Sasa bwana, ili nianze nitahitaji utangulize kidogo. Na mbao zako zinakauka, vitanda vyote nitakupa baada ya miezi miwili, siyo kabla. Ukitaka vya haraka vitajipinda, na mimi sitoi kitu kilichopinda."

Aliporudi alikaa. Simu ikalia mlio mfupi wa pesa kuingia. Aliisoma, akamsogezea mkewe aisome naye.

"Katuma arobaini," alisema. "Kaniuliza kwa nini sikusema mapema, eti mafundi wote humdai kwanza." Akatikisa kichwa. "Miaka ishirini."

"Kula, chakula kinapoa," alisema Mama Pacha, na alikuwa akitabasamu mpaka pacha nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Elfu saba zilizopungua hakumwomba. Ulikuwa ukaidi, aliujua. Alitaka hesabu ile ifungwe na pesa alizozitafuta mwenyewe.

*

Ijumaa saa tisa alasiri bado alikuwa na kimeza kimoja kwapani. Aliyeahidi kukinunua alikuwa amekwenda kwao. Mama Pacha alizunguka mabweni mawili, akaambiwa kila mtu anacho au hana pesa. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya mumewe kwenye simu, amemeza ukaidi wake, Waziri alipotokea uwanjani akikimbia, tai imerukia begani.

"Usikiuze," alisema akihema. Akamwaga sarafu na noti chakavu kwenye kiganja chake. "Hesabu, mama. Saba kamili. Nimeacha chai tangu Jumatano, na juzi nilitembea kwa miguu mpaka kwa shangazi."

"Pole. Koo halikukauka?"

"Lilikauka. Bomba lipo."

Walikimbia pamoja mpaka dirisha la uhasibu, yeye na mkoba, Waziri na kimeza chake. Karani alihesabu noti, akahesabu sarafu, akaziweka mafungu ya kumi kumi, na alichukua muda wake wote. Foleni ikanung'unika. Mama Pacha hakunung'unika. Alitazama kila fungu likipanda, na kwa kila fungu alijua limetoka kwa nani.

"Imetimia," alisema karani, na muhuri ukagonga.

*

Asubuhi ya mtihani wa kwanza mlango wa ukumbi ulikuwa na msimamizi mgeni, mwanamume mwenye miwani aliyeletwa kutoka chuo kingine. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Alipofika Mama Pacha, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, msimamizi akanyoosha mkono kwa upole kumzuia.

"Mama, wazazi wanangojea nje ya geti. Mtoto wako atatoka saa sita."

Nyuma yake Kidoti akavuta pumzi ili aseme kitu. Mama Pacha akamgusa mkono anyamaze. Zamani angeona haya, angeomba radhi hata kwa kosa lisilo lake. Alifungua mkoba, akatoa kadi, akaiweka kwenye kiganja cha yule bwana, picha ikitazama juu.

Msimamizi akasoma jina. Akatazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Samahani sana," alisema, na akasogea kumpisha. "Kiti namba tatu. Mbele kabisa."

"Asante," alisema Mama Pacha kwa sauti iliyofika mpaka madawati ya nyuma, akapita katikati ya ukumbi bila haraka, akaketi, akafungua kalamu.